Kwa Nini Shamba la Maua Linawasha Taa Usiku wa Manane

ZULFA: Haya wapendwa karibuni tena, mimi Zulfa, na huyu Opio bado anatafuna rolex, ile chapati ya mayai, meza kwanza ndugu yangu.

OPIO: Nimemeza! Sasa dada, juzi natoka Entebbe saa sita usiku naona shamba la maua linawaka taa grinihausi nzima, hakuna mtu, nikasema banange, na bei ya umeme ilivyo?

ZULFA: Aa, hayo lazima ni krisanthemamu. Wanauza vipandikizi Ulaya, yani vile vichipukizi vya kwenda kupandwa, na kikishaanza kutoa ua hakina soko tena. Sasa sisi tuko kwenye ikweta, usiku wetu ni karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na krisanthemamu ikipata usiku mrefu hivyo inachanua.

OPIO: Kwa hiyo wanarefusha mchana.

ZULFA: Hapana, wanaukata usiku! Mmea haupimi mchana, unapima giza. Taa ikiwaka katikati, ule usiku mmoja unakuwa vipande viwili vifupi.

OPIO: Lakini jani halina macho, linaonaje?

ZULFA: Lina protini inaitwa fitokromu, ina sura mbili. Ikipigwa na mwanga mwekundu, nanomita 660 hivi, inageuka kuwa ile inayofanya kazi, ikipigwa na wekundu wa mbali, 730, inarudi ilikotoka, na hata gizani yenyewe inarudi polepole. Kule Beltsville, Marekani, mwaka 1952 walimulika mbegu za letusi mwekundu, wa mbali, mwekundu, wa mbali, mara nyingi tu, na kilichoamua kama mbegu itaota ni mwanga wa mwisho basi.

OPIO: Kama swichi ya ukutani, watoto wakiichezea unaangalia imeachwa wapi.

ZULFA: Eee! Na ikishawashwa inaingia kwenye kiini cha seli, inakamata protini zingine zinaitwa PIF, hizo ndo zinasukuma shina lirefuke, zinavunjwavunjwa. Ndo maana maharage yakiota chini ya gunia yanakuwa marefu, meupe, shingo imepinda, hakuna wa kuzizuia hizo PIF. Na mahindi chini ya migomba hivyo hivyo, majani ya juu yamekula mwekundu wote yanashusha ule wa mbali, swichi inazimwa, hindi linakimbilia juu, shina jembamba.

OPIO: Sasa ua linatokea kwenye ncha, jani liko huku chini. Nani anapeleka habari?

ZULFA: Hiyo naipenda! Mwanasayansi mmoja Mwarmenia wa Muungano wa Kisovieti, Chailakhyan, miaka ya 1930, alifunika majani tu ya krisanthemamu hii hii, ncha akaiacha kwenye mwanga, ikachanua. Akasema kuna kitu kinasafiri, akakiita florijeni. Watu walikitafuta miaka sabini hivi mpaka ikajulikana ni protini, inaitwa FT, inatengenezwa kwenye jani inapanda juu. Ukiwasha taa usiku ile swichi ya fitokromu inawaka tena, jani haliitengenezi.

OPIO: Ngoja ngoja. Mama yangu ana soya karibu na ukuta wa jirani, jirani ana taa ya sekyuriti usiku kucha, na soya za upande ule ziko kijani tu, maganda hakuna. Mama anasema amerogwa.

ZULFA: Hahaha! Soya nayo inahesabu usiku, kaka. Mwambie jirani ageuzie taa yake kwenye geti.