Stenti Haitembei Yenyewe

Shikamooni wazee. Wanafunzi, hamjambo. Wale mliokwisha kunisikia mnajua nitaanzia wapi, kwa hiyo nivumilieni.

Kila ninapoitwa kuzungumzia stenti, kile kichuma cha kushikilia wazi mshipa wa moyo ulioziba, swali la kwanza ni lile lile: "Fundi, hicho kichuma ni madini gani?" Mara nyingi ni mchanganyiko wa kobalti na kromiamu. Haya, tumemaliza. Hakuna anayeuliza kilifikaje ndani ya moyo. Unasifia sukari ya dukani hapa Tabora, reli iliyoileta huna habari nayo!

Kifaa hiki, waya na mrija wenye stenti, pokezaneni. Muda wake umekwisha, ni cha kufundishia. Usikikunje, kijana.

Huo waya mwembamba una unene wa milimita 0.36, nao ndio unaotangulia. Reli yetu hapa stesheni inagawanyika, Mwanza huku, Kigoma huku, na ukifika Kaliua kuna ya Mpanda. Mishipa ya moyo ndivyo ilivyo. Daktari huipinda kidogo ncha ya waya, akauzungusha kwa vidole akiwa nje, macho kwenye eksirei, mpaka uingie tawi linalotakiwa na kuvuka palipoziba. Ukikosea hapo umefika Mwanza, mgonjwa wako yuko Kigoma. (Kicheko.) Waya ukishavuka hauondolewi, maana vyote vinavyofuata vitapita juu yake.

Sasa tazameni mwisho wa mrija. Hiyo inayong'aa kama springi ya peni ndiyo stenti, imebanwa juu ya puto lililokunjwa. Hapo kwenye kubanwa ndipo ninapogombana na watu. Zamani, stenti zile za mwanzo, daktari alikuwa anaibana mwenyewe juu ya puto, pale pale mezani, kwa vidole. Vidole! Ikifika kwenye kona kali, au mahali mshipa umeota chokaa, inachomoka, puto linaendelea na safari peke yake. Sasa una chuma kinaelea kwenye damu ya mtu, na tiba imegeuka uvuvi. Msicheke, kuna nyaya zenye kitanzi kwa kazi hiyo hiyo ya kukivua.

Siku hizi inabanwa kiwandani kwa mashine. Ndiyo maana niliumia siku nilipoingia stoo moja, sitaji wapi, nikakuta mirija imetolewa kwenye maboksi yake na kukunjwa mara mbili ili ienee kwenye droo. Mtunza stoo ananiambia, "Si mipira tu hii, fundi?" Mrija ukishaweka kovu la mkunjo, ukiusukuma huku, kule mbele hauendi. Tukatupa yote.

Naona mzee wangu pale anawaza: je, puto likipasuka? Mzee, halijazwi upepo. Linajazwa maji ya chumvi yaliyochanganywa na dawa inayoonekana kwenye eksirei. Wala si puto la sherehe. Ni plastiki ngumu, inakunjuka kama mwavuli, ikifika kipimo chake haitanuki ovyo. Presha yake mara nyingi ni atmosfia 10 au zaidi, wakati tairi la gari dogo ni 2 na kitu. Linakaa limejaa kwa sekunde chache tu, maana likijaa damu haipiti. Kisha linanyonywa, linavutwa, stenti inabaki.

Kupasuliwa kifua? Hapana, njia ni hapa kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba.

Zipo pia zisizo na puto, za mishipa ya miguu, zimefunikwa ala kama ya kisu. Ukiivuta ala nyuma zinachanua zenyewe. Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo hizo tuziache. Ila moja: mgonjwa akirudi kutoka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, amesafiri zaidi ya kilomita 800, aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, asiziache kwa sababu kifua kimetulia. Damu inaweza kuganda ndani ya stenti ile ile. Akitaka kuacha, amuulize daktari kwanza.

Maswali baadaye. Kifaa changu kimefika wapi? Leteni mbele.

Aa. Nani amekikunja?