Springi Inasingiziwa: Pedeli za Kunasa na Kliti Zake

ATUPELE: Karibuni. Leo ni pedeli za baiskeli za kunasa kiatu, zile za SPD za Shimano, na kliti, yaani kile kichuma cha boliti mbili chini ya soli kinachonaswa na pedeli. Kaka Lusajo, lalamiko ni lile lile: mguu hautoki.

LUSAJO: Na dawa ya wengi ni alenki, ule ufunguo wa pembe sita, ya milimita 3, wanalegeza springi ya pedeli mpaka mwisho. Maskini springi, inasingiziwa! Mara nyingi kliti ndiyo imelegea. Unasukuma kisigino nje, kiatu kinazunguka, kliti yenyewe imeganda kwenye taya za pedeli. Isipozunguka, haiachii.

ATUPELE: Hapo ndo unashuka mteremko wa Isyonje kuelekea Tukuyu, kule Mbeya.

LUSAJO: Ee bwana! Egemea kitu, fungua kiatu, toa mguu. Legeza springi ya upande ule, halafu sukuma taya la nyuma kwa bisibisi bapa. La mbele halisogei, usihangaike nalo.

ATUPELE: Na isijirudie?

LUSAJO: Fungua boliti za kliti, futa meno yake, paka grisi kidogo, rudishia kwa alenki ya milimita 4. Kaza hii kidogo, ile kidogo, mpaka nyutoni mita 5 au 6, kipimo cha nguvu ya kukaza. Safari ya kwanza ikiisha, kaza tena, maana kliti huwa inajikalisha kwenye soli.

ATUPELE: Udongo wa Rungwe ukikaukia kwenye kichwa cha boliti, alenki haiingii yote.

LUSAJO: Ukilazimisha, tundu linakuwa duara, kazi imekwisha. Chokonoa kwanza kwa ncha ya spoku mpaka uone chuma kinang'aa chini. Na kabla hujafungua kliti ya zamani, izungushie kalamu, mpya ikae palepale.

ATUPELE: Kiatu kipya je, kisicho na alama?

LUSAJO: Vaa, papasa mfupa unaotokeza nyuma ya kidole gumba, tia alama ubavuni mwa kiatu. Fanya hivyo upande wa kidole kidogo. Ekseli ya pedeli ipite katikati ya alama hizo mbili. Goti likiuma, angalia kliti ilivyogeuka. Geuza kidogo sana, endesha, ndipo uguse tena.

ATUPELE: Sasa springi yenyewe, isije ikanuna.

LUSAJO: Kulia inakaza, kushoto inalegeza. Anzia kwenye ulaini wote, hesabu mlio: tik, tik. Pande zote nne zilingane. Ila usifungue boliti ya springi mpaka ichomoke kwenye kisahani chake.

ATUPELE: Na mguu unaochomoka wenyewe ukikanyaga kwa nguvu?

LUSAJO: Tazama pua ya kliti. Imekuwa nyembamba kama kisu cha zamani? Nunua nyingine. Kukaza springi juu ya kliti iliyolika ni kupoteza muda. Mgeni wa pedeli hizi achukue kliti aina ya SH56, inaachia pande nyingi. SH51 inataka kisigino kiende pembeni.

ATUPELE: Mafuta?

LUSAJO: Tone moja la oili kwenye springi na taya, futa. Grisi pale nje inakusanya vumbi la kiangazi tu. Grisi iende kwenye meno ya pedeli yanayoingia kwenye krenki. Spana ya 15, na pedeli ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kulia. Fundi asiyejua hilo ataning'inia kwenye spana huku anazidi kuikaza.