Jinsi ya Kutenga Makaa ya Mawe na Mwamba kwa Maji Mazito

Karibuni tena, watazamaji. Hapa mezani Nairobi nina makaa ya mawe ya daraja la chini. Tazameni kipande hiki kwa karibu: mistari myeusi inayong'aa ndiyo makaa yenyewe, hii ya kijivu ni mwamba wa tope. Hauwaki, unabaki jivu tu. Leo tunauondoa.

Kwanza ponda. Wengi huiharakisha hatua hii, na kwangu ndiyo inayoamua yote. Vipande vikiwa vikubwa, makaa na mwamba hubaki vimeshikana. Ukisaga mpaka unga, utangoja siku nzima utengane. Lenga ukubwa wa punje ya mahindi, halafu chekecha. Chekecheke ya waya mafundi wa Kamukunji watakutengenezea. Unga weka kando.

Sasa maji mazito, yaani yaliyo mazito kuliko makaa lakini mepesi kuliko mwamba, ili makaa yaelee na mwamba uzame. Mililita moja ya makaa safi ina takriban gramu 1.3, mwamba hupita 2. Chumvi ya mezani, hata ukiitia mpaka ikatae kuyeyuka, hufikisha maji 1.2 tu, na vyote vitazama. Kwa hiyo chukua gramu 400 za kalisiamu kloraidi kavu na mililita 600 za maji. Vaa glavu na miwani, nyunyiza kidogo kidogo. Gusa ndoo kwa nje: inapata moto kweli! Iache ipoe, kisha pima mililita 100 kwenye mizani. Ukipata gramu 140, sawa. Zikipungua, ongeza kemikali. Zikizidi, ongeza maji.

Lowesha makaa kabla ya kuyatia, maana viputo vya hewa huelesha hata jiwe. Tia, koroga, subiri yatulie. Yanayoelea yachote kwa chujio la chai, uyasuuze sana; kloraidi ikibaki italila jiko. Anika. Yaliyozama yakague: yenye mistari myeusi bado yana mali, yaponde upya na kuyarudisha ndooni.

Viwanda vikubwa hutumia unga laini wa magnetaiti, madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, ndani ya maji, kisha huurudisha kwa sumaku. Ni nafuu zaidi kwa tani nyingi.

Na ule unga tulioweka kando? Utie kwenye chupa ya maji, dondosha mafuta ya taa kidogo, funga, tikisa kwa nguvu. Makaa hunata kwenye mafuta na kupanda na povu, udongo unabaki chini. Fanya hivyo siku ile ile ya kuponda, kwa sababu makaa yaliyokaa sana hewani hupenda maji na hayapandi vizuri.