Airisi zinazorudia kuchanua: zihamishwe lini hapa Nairobi?

Habari za mchana. Namwona mama pale nyuma amekuja na gunia lenye kichaka kizima cha airisi. Mama, kiweke tu hapo chini ya mti, tutakipasua pamoja baadaye.

Kwanza tuelewane ni mmea gani. Ukinunua mche kando ya Ngong Road ukaambiwa ni airisi, mara nyingi umepewa Dietes, ile ya Kiafrika yenye majani membamba magumu. Hiyo haina makuu. Ninayoizungumzia leo ni airisi ya ndevu: petali tatu zimesimama, tatu zimening'inia, na juu ya hizo zilizoning'inia pana mstari wa manyoya. Na katika ukoo huo nawataka wale wanaochanua zaidi ya mara moja kwa mwaka, kama aina iitwayo Immortality, nyeupe pe, aliyoitoa mzalishaji wa airisi Lloyd Zurbrigg mwaka 1982. Airisi ya kawaida hutaka baridi kali ya miezi ndipo itunge ua, na Julai yetu, pamoja na kelele zote tunazoipigia, ni baridi ya sweta tu. Zinazorudia hazina masharti makali hivyo.

Sasa, chini ya majani kuna shina nene linalolala ardhini. Linafanana na tangawizi, nami nitaliita tangawizi. Kila tangawizi hutoa ua mara moja tu katika maisha yake. Likishachanua, limemaliza kazi. Ubavuni huacha mabinti, na hao ndio watakaochanua. Airisi inayorudia ni ile ambayo mabinti wake hukomaa upesi, wakachanua mwaka uleule. Ndiyo sababu kichaka chake hujaa haraka: airisi ya kawaida unaweza kuiacha miaka mitatu au minne, hii ukifika wa pili au wa tatu ifukue. Ukiona katikati pamebaki mafupa makavu na maua yapo pembeni tu, umechelewa.

Lini basi? Vitabu vya Uingereza na Marekani husema Julai hadi Septemba, na watu hapa huifuata miezi hiyo kama amri. Wenyewe wana maana ya wiki sita hivi baada ya maua ya kwanza, udongo ukiwa na joto, mmea unapoanza kutoa mizizi mipya. Hapo ndipo pa kuangalia. Fukua kidogo kwa kidole pembeni mwa binti: ukiona vizizi vyeupe vinachungulia, wakati umefika.

Jambo la pili ni mvua. Mimi mwenyewe nilihamisha airisi zangu Aprili, masika yamepamba moto, nikijipongeza kwamba Mungu atanimwagilia. Baada ya wiki tatu majani yalilala, nikayavuta yakatoka mkononi, na ile harufu... aliyewahi kuozewa na viazi stoo anaijua. Ni bakteria. Huingia kwenye kidonda, na tangawizi lililokatwa juzi lote ni kidonda. Tangu hapo mimi huhamisha mwishoni mwa Agosti hadi katikati ya Septemba. Jua limeanza kurudi, na vuli ikifika Oktoba mizizi imeshashika. Aliyekosa nafasi hiyo asubiri Januari. Na kubali hasara: uliyemhamisha anaweza kuruka msimu mmoja bila ua la pili. Usimtukane.

Haya mama, lete gunia. Mnaona nimeingiza jembe uma mbali na kichaka, nikainua kutoka chini. Tikisa udongo. Kisu nimekichovya kwenye maji yenye Jik, sehemu moja kwa tisa za maji, na nakichovya tena baada ya kila kichaka. Huyu katikati, mzee asiye na majani, atupwe. Najua inauma. Binti huyu ana majani yaliyotanda kama kipepeo cha jiko, mizizi minene, na mwili mgumu ukimbonyeza: huyu tunamtaka. Akibonyea, kata mpaka ufike penye nyama nyeupe ngumu. Majani yapunguze yabaki kama sentimita 15, kisha mwache kivulini siku moja au mbili kidonda kikauke.

Kupanda ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu tumezoea kufukia. Chimba shimo pana, acha kituta katikati, umkalishe juu yake kama mtu aliyepanda punda, mizizi huku na huku. Fukia mizizi; mgongo uachwe nje uote jua, kama mamba ukingoni mwa mto. Apate jua kwa muda wa saa sita au zaidi kila siku. Wenye udongo mwekundu wa Karen na Kikuyu mna bahati. Nyie wa Embakasi wenye udongo mweusi unaoshika maji, inueni tuta, changanyeni kokoto, au pandeni kwenye chungu. Kati ya mmoja na mwingine acha sentimita 30 hadi 45.

Nimeulizwa kuhusu samadi. Mbichi, hapana. Mbolea ya CAN nayo hapana: nitrojeni nyingi hutoa majani manene laini yanayoalika ule uozo. Unga wa mifupa kidogo unatosha. Maji, mwagia vizuri siku ya kupanda, kisha subiri udongo wa juu ukauke. Ila hizi zinazorudia, tofauti na dada zao, usiziache na kiu kiangazi kizima. Ua la pili hujengwa miezi hiyo.

Kwenye gunia la mama wamepatikana mabinti kumi na mmoja wazuri. Yeye anataka wanne. Waliobaki wako hapa mezani, na kisu kimeshaoshwa.