Lango la Mpaka Hupangwa kwa Saa ya Msongamano

Ndugu wahandisi, ndugu maofisa wa forodha, ahsanteni kwa kunikaribisha.

Mipango mingi ya malori ya kuvuka mpaka huanza na swali moja: baada ya miaka 20 yatapita mangapi kwa siku? Ni swali la haki. Shehena ikikua kwa asilimia 7 kwa mwaka, huongezeka maradufu kwa takriban miaka 10. Lakini wastani wa siku hausemi lolote kuhusu ile saa mbaya, na saa hiyo ndiyo inayomlaza dereva njiani.

Tuchukue lango moja, ofisa mmoja, wastani wa dakika 10 kwa lori. Kwa saa anaweza kuhudumia malori 6. Malori nayo hayaji kwa mpangilio: yanakuja matatu kwa mkupuo, halafu kimya. Na ukaguzi mmoja ni mfupi, mwingine mrefu. Kwa hali hiyo, hesabu za foleni zinasema hivi: lango likitumika kwa asilimia 80 ya uwezo wake, lori husubiri kwa wastani dakika 40 kabla ya kuguswa. Asilimia 90, dakika 90. Asilimia 95, dakika 190! Kutoka asilimia 90 hadi 95 malori yameongezeka kwa chini ya asilimia 6, na kusubiri kumezidi maradufu. Anayengoja lango lijae ndipo atafute fedha za upanuzi amekwisha kuchelewa. Mimi ningeweka kikomo asilimia 75 katika saa ya msongamano.

Tena upanuzi si lazima uwe wa zege. Kwenye lango lile lile la asilimia 95, punguzeni zile dakika 10 za kuhudumia lori ziwe 8. Kusubiri kunashuka kutoka dakika 190 hadi kama 25, bila kujenga njia mpya. Dakika hizo 2 zinapatikana wakala wa forodha akiwasilisha hati kabla lori halijafika, na maofisa wa nchi mbili wakikaa pamoja. Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, walianza hivyo Desemba 2009: lori linasimama mara moja tu, upande wa nchi linakoingia.

Kuhusu lami nitasema kidogo. Majaribio ya barabara ya Ottawa, Illinois, ya 1958 hadi 1960 yalionyesha kuwa uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili wa magurudumu. Ekseli ikizidishiwa uzito kwa asilimia 20, uharibifu unafika mara mbili (1.2 × 1.2 × 1.2 × 1.2). Basi msihesabu malori tu, pimeni ekseli.

Ninapopewa mpango niupitie, naomba nyakati tatu za kila lori: lilipofika mkiani mwa foleni, lilipoanza kuhudumiwa, lilipoondoka. Wa kwanza ni rahisi kusahaulika, kwa kuwa mkia wa foleni uko nje ya uzio wa kituo. Wekeni mtu huko, usiku na mchana, msimu wa shehena nyingi na msimu wa shehena chache, kabla hamjachora hata njia moja.