Kati ya Sala ya Kufungua na Sala ya Kufunga

Mhadhara kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa theolojia, Iringa

Kamwene! Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo! Nimetoa salamu tatu kwa sababu nimetupa macho kwenye viti nikaona makanisa ya kila aina, na sitaki isemwe kwamba mzee wa Mbeya kaja Iringa kubagua watu. Na wale wa kwetu Tukuyu, ugonile. Mmeitika wawili tu. Wengine mnaona haya, nawajua.

Mwenyekiti ameniomba nizungumze kuhusu matukio na fursa za chuoni kwa mwanafunzi wa theolojia. Jana nimekuja na mada hiyo kichwani, basi likapita Igawa, likapita Makambako, nami najiuliza: hawa vijana wanakosa nini hasa? Si matangazo. Kundi la WhatsApp la darasa lina matangazo mpaka simu inaganda. Si matukio. Kila wiki kuna kongamano, warsha, mdahalo, bonanza, uzinduzi wa kitu fulani. Tulipofika Mafinga, kwenye ule ubaridi wake, nikakumbuka maisha yangu mwenyewe chuoni, nikajua niseme nini.

Ninyi mnaalikwa kila mahali. Hakuna mwanafunzi anayealikwa kuliko wa theolojia. Wa uhasibu haitwi kwenye mdahalo wa sheria, na wa sheria haitwi kwenye mahafali ya ualimu. Ninyi mnaitwa kote, na kazi yenu ni moja: kufungua kwa sala na kufunga kwa sala. Ukishafungua, unarudi kiti cha nyuma, unatoa simu, unasubiri soda. Ikifika saa nane MC anakutafuta kwa macho, unafunga, unapewa chakula kwenye meza kuu, unaondoka. Ukiulizwa kilichojadiliwa, hujui.

Mimi nilifanya hivyo miaka yote ya chuo. Nimefungua kwa sala mahafali, mechi za netiboli, kampeni za serikali ya wanafunzi, hata mashine ya fotokopi. Ile mashine niliiombea kwa bidii kweli. Haikumaliza muhula.

Kwa hiyo leo sitawapa orodha ya fursa. Nataka tuzungumze kuhusu hayo masaa yaliyo katikati ya sala mbili.

Mji huu wa Iringa umewapa bahati ambayo wenzenu wengi hawana. Mna Chuo Kikuu cha Iringa, kilichotoka kwenye mizizi ya Kilutheri. Mna Ruaha, cha Wakatoliki, chenye kitivo cha sheria. Mna Mkwawa, ambacho tangu 2005 ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kinafundisha walimu. Vyote ndani ya manispaa moja. Wanasheria wakiwa na mdahalo kuhusu mirathi, nendeni, na mkae mpaka mwisho. Mwaka wako wa kwanza usharikani, kabla hujamaliza kupanga vitabu, atakuja mjane ambaye shemeji zake wameshika funguo za nyumba. Atakuja kwako, hataenda mahakamani, kwa sababu mahakamani anaogopa na wewe hutozi ada. Utamsomea zaburi, sawa. Lakini kama hujui kwamba kwa kawaida mambo huanza na kikao cha ukoo na cheti cha kifo, na kwamba ni mahakama inayomthibitisha msimamizi wa mirathi, wala si shemeji mwenye sauti kubwa, umemwacha palepale alipokuwa.

Kuhusu kwaya, fellowship na wiki za uinjilisti sisemi kitu. Vyama vya wanafunzi Wakristo, USCF, TMCS na CASFETA, mnavijua kuliko mimi, na hakuna hatari kwamba mtavikosa. Hatari ni kwamba havitawaachia nafasi ya kitu kingine.

Sasa niwapeleke hospitalini. Kuna mafunzo ya uchungaji wa wagonjwa, yanayotolewa kwa mfano pale KCMC, Moshi, ambayo namwombea kila mmoja wenu ayapate kabla hajawekewa mikono. Utaratibu wake ni mgumu kwa namna ya ajabu. Unamtembelea mgonjwa, unarudi, unakaa chini unaandika mazungumzo yote neno kwa neno: yeye kasema nini, wewe umejibu nini, wapi mlinyamaza. Halafu unayasoma mbele ya wenzako na mwalimu, na hapo ndipo unapovuliwa nguo.

Mimi yangu niliyafanyia kwenye hospitali ya wilaya, siitaji, kwa mama mmoja Mhehe aliyevunjika nyonga. Akaniambia, "Baba mchungaji, vinyungu vyangu nani atamwagilia?" Nikamjibu kwamba Mungu ana makusudi yake. Akasema, "Mboga zilikuwa zimeshika vizuri." Nikasema, "Mama, tuombe." Mwalimu wangu alipigia mstari hapo kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Ulisali kwa ajili ya nani?" Karatasi ile ninayo mpaka leo. Yule mama alikuwa ananieleza kwamba bustani ya bondeni ndiyo ada ya mjukuu wake, na mimi nilitaka kutoka wodini. Sala ndiyo iliyokuwa mlango wangu.

Mngedhani nilikoma. Miaka kadhaa baadaye nilikwenda Kalenga. Ni hapo tu, daladala haichukui muda, na najua wengi wenu mtamaliza chuo hamjafika. Mle makumbushoni kuna fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, na mnajua kisa chake. Mwaka 1891 Wahehe waliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski pale Lugalo. Mwaka 1898 Mkwawa akajipiga risasi asikamatwe, Wajerumani wakamkata kichwa. Fuvu likaingia mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, ibara ya 246, Ujerumani ikiagizwa kulirudisha ndani ya miezi sita. Ile miezi sita ikawa miaka 35: Gavana Twining alilikabidhi mwaka 1954.

Siku hiyo kulikuwa na wanafunzi wa sekondari. Binti mmoja, kidato cha pili hivi, akamuuliza mtembezaji, "Kwa hiyo alizikwa bila kichwa? Basi msiba wake uliisha lini?" Mtembezaji akacheka kidogo, kisha akanitazama mimi, kwa sababu nilikuwa nimevaa kola. Chumba kizima kikageuka. Na mimi, ndugu zangu, mwenye shahada ya theolojia, niliyeandika tasnifu juu ya ufufuo wa mwili, nikasema, "Tuombe."

Binti alifumba macho kwa adabu. Hakupata jibu.

Nimelifikiria swali lile muda mrefu. Ni swali la kitheolojia kuliko mengi tuliyofanyia mitihani. Mwaka uleule wa 1891, Wamoravian na wamisionari wa Berlin walikuwa wanafika kwetu Unyakyusa. Injili na bunduki ziliingia nyanda hizi kwa msimu mmoja, hata kama hazikubebwa na mikono ileile. Leo kuna mjadala mkubwa Ujerumani na hapa nyumbani kuhusu mabaki ya watu waliochukuliwa wakati wa ukoloni na bado wamewekwa kwenye makabati ya makumbusho. Wanahistoria wamo, wanasheria wamo, wanasiasa wamo. Wakirudishwa hao wazee, atakayeitwa kaburini ni nani? Ni wewe. Utafungua kwa sala na kufunga kwa sala. Na katikati utasema nini?

Kwa hiyo likitangazwa kongamano la historia, au maonyesho pale Boma la kale mjini, hilo ni lenu. Na mwenye masikio ya lugha ajifunze Kijerumani. Shajara na barua za wamisionari wa Rungwe zimetunzwa Herrnhut, ule mji mdogo wa Wamoravian ambao mwaka 2024 UNESCO imeuingiza kwenye urithi wa dunia. Zile za zamani zimeandikwa kwa mwandiko ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa. Humo ndani mna majina ya babu zetu: nani alibatizwa, nani alikataa, nani alifukuzwa kwa kucheza ngoma. Mwanafunzi mmoja akiamua kuujua mwandiko ule, ana kazi ya maisha.

Niwape na habari njema, maana naona nyuso zimekunjamana.

Kwetu Mbeya kuna kazi ya kutafsiri Biblia kwa lugha za nyanda hizi: Kinyiha, Kisafwa, Kimalila, Kindali, Kibena na nyingine. Ninyi mnaolalamikia Kiyunani na Kiebrania, mnaosema vya nini hivi wakati waumini wanazungumza Kiswahili, huko ndiko vinakofanya kazi. Rasimu ikishakamilika, hupelekwa kijijini ikasomwa kwa watu ambao hawakuhusika kuitafsiri, kisha wanaulizwa wamesikia nini. Huulizi kama wameipenda. Unauliza wamesikia nini.

Niliwahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo huko Mbozi, mimi kazi yangu ikiwa ni, mmeshakisia, kufungua kwa sala. Safari hii nilikaa. Ukasomwa mfano wa mpanzi, mbegu nyingine zikaanguka njiani, nyingine kwenye miamba. Kijana mmoja mkulima wa mahindi, huyu wa kupanda kwa kamba na kuhesabu punje kwenye shimo, akauliza, "Huyo jamaa alikuwa amelewa?" Watu wakacheka. Mtafsiri akaanza kukuna kichwa, na mimi nikawa natafuta maelezo ya kilimo cha Palestina niliyosoma zamani. Bibi mmoja aliyekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, akasema tu, "Alikuwa anapanda ulezi." Akanyanyua mkono, akaupitisha hewani kama anamwaga, taratibu, nusu duara. Wazee wote wakaitikia kwa kichwa. Ulezi haupandwi kwa kamba, unatupwa, na punje zinakwenda zinakokwenda.

Mkono ule wa bibi ulinifundisha kuliko muhula mzima wa ufafanuzi. Sikulipia ada, na hakukuwa na cheti cha kuhudhuria. Hili la vyeti naomba nilisemee kidogo: mmezidi. Mtu anaingia warsha, anasaini mahudhurio, anapiga picha na bango, anaondoka na cheti. Una vyeti kumi na viwili, huwezi kusimulia hata warsha moja.

Mwisho, nje ya nchi. Najua hili ndilo mnalolisubiri, wengine mmeanza kukaa vizuri. Fursa zipo. Shirikisho la Kilutheri la Dunia lina ufadhili. Baraza la Makanisa Duniani lina chuo chake cha Bossey, karibu na Geneva, kilichoanza 1946, ambako Mlutheri, Morthodoksi na Mpentekoste wanakula meza moja. Lakini jueni mambo haya hayaanzii kwenye intaneti. Yanaanzia kwa mkuu wa jimbo, kwa sababu maombi yanataka kanisa lako likutambue. Kama mara ya mwisho kuonekana usharikani kwenu ni siku ya kuagwa, barua hiyo utaitafuta kwa machozi.

Na mambo madogo. Mimi niliwahi kupata nafasi ya miezi mitano Ulaya. Walinikubali, wakaniandikia nilete nakala ya pasipoti. Pasipoti sina. Kwenda kuiomba, wanataka cheti cha kuzaliwa. Cheti cha kuzaliwa sina, nimezaliwa nyumbani, mkunga alikuwa shangazi. Nilichokuwa nacho ni cheti cha ubatizo, kizuri, kina muhuri, na mstari wa Isaya. Kwa haki ya mbinguni kilitosha kabisa. Nilipomaliza kuzunguka, tarehe ilikuwa imepita kwa siku tisa, na nafasi akapewa mwingine. Sikumlaumu mtu wa ofisi yoyote. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na muda wote huo sikuwahi kufikiri kwamba nitahitaji kuthibitisha nimezaliwa. Wiki hii, wale mnaoelewa ninachosema, anzeni na cheti cha kuzaliwa.

MC ananionyesha saa. Ratiba inasema sasa ni maswali, halafu sala ya kufunga, halafu chai. Nimechungulia jina la aliyepangwa kufunga, na nikiangalia kule nyuma namwona: ni wewe dada wa sweta ya kijivu, simu umeificha chini ya daftari. Usiogope, utafunga. Ila swali la kwanza ni lako. Tafadhali, mpelekeeni kipaza sauti.