Nimejifunza Kuwa Radhi

Ndugu zangu, tufungue barua ya Paulo kwa Wafilipi, sura ya 4, mstari wa 11. Nitausoma polepole, maana kuna neno moja ndani yake ninalotaka tukae nalo: "Maana nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo."

Nimejifunza. Paulo hasemi alizaliwa na moyo mtulivu, wala hasemi kwamba siku ile njiani kwenda Dameski, nuru ilipomwangaza, kuridhika kulimshukia papo hapo. Alifundishwa, na masomo yenyewe anayataja: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Basi wewe uliyeingia humu leo moyo ukikuchemka, usijihesabu kuwa umeshindwa imani. Uko darasani, na Mwalimu hajatoka.

Anaandika haya akiwa mfungwa. Zama zile mfungwa asiyekuwa na watu wake wa kumletea chakula na nguo alikuwa taabani, kwa hiyo anapotaja njaa anataja kitu anachokijua tumboni mwake.

Lile neno "radhi", katika Kigiriki alichokiandika Paulo, ni neno la mtu anayejitosheleza. Wanafalsafa wa Kistoiki walilipenda sana. Kwao mwenye hekima alikuwa yule asiyehitaji chochote kutoka nje: mji ukiungua, mtoto akifa, yeye hatikisiki, kwa sababu hazina yake yote imo nafsini mwake. Paulo analichukua neno lao, halafu mistari miwili mbele anaeleza utoshelevu wake unatoka wapi: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Haumo ndani ya Paulo hata kidogo. Umo ndani ya Kristo, na Paulo yumo ndani ya Kristo. Ndiyo maana anaweza kulia, kuogopa, kuwatamani rafiki zake, na bado akatosheka. Wakolosai anawaambia vilevile: "Na ninyi mmetimilika katika yeye."

Na inaniuma tunavyounyofoa mstari huo wa 13 mahali pake. Tunaubandika kwenye mitihani na biashara, kana kwamba Paulo alikuwa anajigamba kuhusu mafanikio. "Mambo yote" aliyosema anayaweza ni yale aliyotoka kuyataja: kulala njaa bila kumwacha Mungu, na kushiba bila kumsahau. Hilo la pili msilipite haraka. Kumbukumbu la Torati 8 inawaonya Israeli kuhusu siku watakapokula na kushiba, wakajenga nyumba nzuri, mioyo yao ikainuka. Jangwani walinung'unika, lakini angalau walijua mkate unatoka kwa nani.

Mwaka niliopoteza kazi nilikuwa naamka saa tisa usiku. Nachukua daftari, naandika hesabu ileile niliyoiandika jana yake, nachora mstari chini, najumlisha, kana kwamba jibu lingebadilika. Karatasi ilitoboka mahali nilipokuwa nafuta na kufuta. Usiku mmoja nilianza Zaburi ya 23, "Bwana ndiye mchungaji wangu," nikashindwa kuendelea. Sehemu ya pili, "Sitapungukiwa na kitu," ilikataa kutoka kinywani, kwa sababu daftari lilikuwa wazi mbele yangu likisema kinyume chake. Nikabaki na ile nusu ya kwanza. Nikairudia mpaka kulipokucha. Kazi haikupatikana asubuhi ile, wala mwezi ule. Lakini nilitambua kwamba nusu ya pili inasimama juu ya ile ya kwanza, na kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nimeisimamisha juu ya mshahara.

Mana, chakula ambacho Mungu aliwashushia Israeli jangwani, nayo ilifundisha hivyo. Katika Kutoka 16, kila mtu aliokota kwa pishi, chakula cha siku moja. Aliyekusanya vingi hakubakiwa na kitu, aliyekusanya kichache hakupungukiwa. Waliosaza hadi kesho yake wakakuta mabuu na uvundo. Ila siku ya sita waliambiwa waokote maradufu, na kile cha akiba ya Sabato hakikuoza. Kwa hiyo kuweka akiba halikuwa kosa lenyewe. Kilichooza ni akiba iliyowekwa kwa kutomwamini aliyeahidi kesho.

Naomba pia mtu asiondoke hapa akamwambie mwenye njaa "ridhika" kisha akafunga mlango wake. Wafilipi hawakufanya hivyo. Walimtuma mwenzao Epafrodito kwa Paulo na msaada, naye aliugua katika utumishi huo karibu kufa. Paulo hakuukataa ili aonyeshe jinsi alivyotosheka. Alipokea, akawaambia walifanya vema kushiriki dhiki yake.

Sasa tazameni anavyoifunga barua. Mfungwa aliyetoka kupokea msaada wa watu anawaandikia hao waliomsaidia: "Nina vitu vyote, na kuzidi, nimejaa tele." Anawaahidi kwamba Mungu wake atawajaza kila wanachokihitaji. Halafu anatuma salamu za watakatifu walio pamoja naye, "hasa wao walio wa nyumbani mwa Kaisari." Minyororo ni ya Kaisari, na humohumo nyumbani mwa Kaisari tayari wapo watu wa Kristo.